Tochi Mdomoni mwa Baba

Sijanywa soda ya machungwa tangu nilipokuwa na miaka tisa. Watu huniuliza kama nina kisukari, wengine hudhani ni masharti ya mganga, na mimi huwaacha wadhani. Mwezi uliopita, kwenye msiba wa Baba, binti mmoja wa shangazi alipita chini ya turubai akiwagawia soda wafiwa, na bila kuuliza akaniwekea mkononi ya machungwa, ya baridi, tayari imefunguliwa. Harufu ilinipanda puani kabla sijaishika vizuri. Niliiweka chini ya kiti. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, tena ya zamani, nimeitunza vizuri kuliko nilivyotunza vyeti vyangu vya shule.

Ninyi mliokulia karibu na mgodi mkubwa, kwenye ukanda wetu huu, mnaikumbuka ile foleni. Kijijini kwetu shule ilikuwa upande wa pili wa mgodi, kwa hiyo kila asubuhi tulipita mbele ya geti saa ileile zamu ya usiku inapotoka. Geti lilikuwa na milango miwili. Mlango wa kushoto ulikuwa wa baba zetu. Walitoka wamejipanga, viatu mkono mmoja, mkanda mkono mwingine, suruali wamezibana kwa viwiko zisianguke, wanakanyaga kokoto kwa soksi. Mlinzi alimpapasa mmoja mmoja kuanzia kwapani hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha akamwambia fungua mdomo, inua ulimi, akammulika ndani kwa tochi. Mlango wa kulia ulikuwa wa Wazungu. Wao walipita na viatu vyao, mikono mfukoni, wengine wanapiga mluzi, na mlinzi huyohuyo aliwapigia saluti.

Hapakuwa na kibao kilichosema weupe huku, weusi kule. Hawakuwa wajinga. Vibao vilisema "Wataalamu" na "Wafanyakazi", ukitaka kuuliza unaonyeshwa kibao. Lakini sisi watoto hatukuwa tunasoma vibao. Tulikuwa tunatazama watu, na tuliona vizuri nani anapita wapi.

Mapumziko ya saa nne tulicheza geti. Mmoja alikuwa mlinzi, ana kijiti badala ya tochi. Mmoja alikuwa Mzungu, na wengine wote tulikuwa foleni. Mzungu siku zote alikuwa Doto, mtoto wa fundi cherehani, kwa sababu ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde. Kazi yake ilikuwa kupita tu. Kila mtu alitaka nafasi ya Doto, na mimi niliyekuwa mweusi tii sikuwahi kupewa hata kwa bahati mbaya. "Minza, foleni!" walikuwa wakinipigia kelele. "Vua ndala, fungua mdomo!" Walimu walituona kutoka barazani walikokuwa wanakunywa chai, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Leo nina watoto wangu na bado siwapendi wale walimu.

Kichwa changu cha miaka tisa kilikuwa na akili zake. Kama mtu anapekuliwa kila siku, nilijiambia, basi ana kitu. Mlinzi hawezi kuchoka bure. Na kama Mzungu hapekuliwi, basi hana kitu, ni mtu safi. Kwa hiyo baba zetu walikuwa wanaficha dhahabu mdomoni, na Baba yangu mmojawapo, ila alikuwa fundi wa kuficha kuliko wenzake ndiyo maana hakuwahi kukamatwa. Nilijivunia na nikaona aibu, vyote kwa pamoja.

Baba alikuwa dereva wa gari la maji. Siku nzima au usiku kucha alimwagilia barabara za mgodi ili vumbi lisitimke. Hakuwa msemaji. Nyumbani ungeweza kumaliza sahani ya ugali mbele yake bila kusikia neno, isipokuwa "ongeza mboga" au "mwambie mama yako". Akiwa zamu ya usiku alilala mchana chumba cha mbele, chali juu ya mkeka, mdomo wazi.

Siku moja Mama alikwenda kisimani na mdogo wangu mgongoni. Nikachukua tochi ya nyumbani, nikapiga magoti kichwani pa Baba, nikammulika. Niliona magego mawili yaliyotoboka na ulimi. Nikaingiza kidole nimnyanyue ulimi, na macho yake yakafunguka.

"Unatafuta nini, Minza?"

Sikuwa na ujanja wa kudanganya. "Dhahabu."

Nilijua nachapwa. Nilishajikunja tayari. Baba akaketi, akafanya jambo ambalo naliona hadi leo nikifumba macho. Alifungua mdomo wake wote. Akainua ulimi. Akageuza kichwa kulia, akakunja sikio, akageuza kushoto, akakunja lingine. Alifanya haraka, kwa mpangilio, jinsi mtu anavyofanya kitu alichokizoea.

"Umeona?"

"Sijaona."

"Na wao hawajaona," akasema. "Mwaka wa sita huu."

Akachukua tochi mkononi mwangu, akaizima, akatoka nje akakaa ukutani kwenye jua. Hakulala tena mchana ule. Mama aliporudi alimkuta hapohapo, akamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi.

Sasa niwaeleze jambo la ngoma, maana bila hilo hamtauelewa ujinga wangu. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, hawa upande huu na wale upande ule. Hakuna majaji wenye karatasi. Watu wenyewe ndio majaji, na wanahukumu kwa miguu: ukinogewa na wale, unavuka uwanja unakwenda kusimama kwao. Wenye watu wengi ndio washindi, na walioachwa peke yao hukusanya ngoma zao wakaondoka huku wakizomewa. Bibi yangu, mama yake Baba, hakuwahi kukosa mashindano hata moja. Alinifundisha kwamba kila kikundi kina dawa yake ya kuvuta watu. "Siyo sauti, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Ni dawa, dawa gete, dawa kweli!"

Basi Jumamosi iliyofuata ukaitishwa mkutano wa hadhara uwanja wa shule. Mgodi ulikuwa unakuja kutuahidi darasa. Upande mmoja wakafunga turubai lao, viti vya plastiki, kipaza sauti, jenereta, na nyuma ya viti makreti ya soda yamepangwa hadi kifuani kwa mtu mzima, yenye vipande vya barafu juu. Soda ya bure! Kijiji kizima kilijaa upande ule kabla hata mkutano haujafunguliwa. Mimi nikapata ya machungwa. Ilikuwa soda yangu ya kwanza kushika peke yangu, chupa nzima, bila kugawana na mtu, na niliinywa kidogokidogo ili isiishe.

Meneja alikuwa Mzungu mnene mwenye shingo nyekundu. Alisimama akazungumza kwa Kiingereza, na afisa mahusiano, kijana wa mjini mwenye shati lililonyooshwa, akatafsiri. Sisi na ninyi ni familia moja, akasema. Dhahabu ni yenu, sisi tunawasaidia tu kuitoa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Luhende, ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, hadi kofia ikamsogea. Kisha akatangaza kwamba mwenye swali aliandike kwenye karatasi, zitakusanywa, zitajibiwa na ofisi.

Hapo ndipo nikamwona Baba. Hakuwa upande wetu. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, peke yake, karibu na mlingoti wa bendera, amevaa buti zake za kazi. Akapanda juu ya kile kitako cha zege kinachoshika mlingoti.

"Mimi sina karatasi," akasema.

Sauti yake ilifika. Alikuwa amezoea kuongea juu ya ngurumo za malori. Mzee Luhende akasema kwenye kipaza sauti, "Baba Minza, utaratibu, tafadhali." Baba akawageukia watu.

"Mnanifahamu. Naendesha gari la maji. Bwana meneja amesema sisi ni familia moja. Mimi nyumbani kwangu mlango ni mmoja, napita mimi, anapita mke wangu, anapita mgeni. Getini kwenu iko miwili. Kuna injinia pale, kijana wa Kahama, kasoma mpaka basi. Kila siku anavua mkanda. Kuna fundi wa matairi aliyekuja na ndege, mimi ndiye niliyemfundisha kuingiza gia za gari langu, na huyo anapita na viatu. Hamzidi injinia wetu kwa karatasi. Anamzidi ngozi. Kama siyo ngozi, tuambieni ni nini. Tutajieni!"

Meneja alimgeukia afisa mahusiano. Afisa akaanza kukunja karatasi zake. Hakutafsiri. Nadhani ndiye mtu pekee aliyeshindwa kazi yake kwa sababu nzuri siku ile, ingawa nina wasiwasi hata hapo namsifia bure.

"Dhahabu haichagui mkono wa kuibiwa nao," Baba akaendelea. "Kama ni kupekua, wapekueni wote. Mimi sikatai kupekuliwa. Nakataa kupekuliwa kwa sababu ni mweusi. Nimekaa kimya miaka sita, mnajua kwa nini leo nimepanda hapa? Mtoto wangu amenipekua. Nimelala, naamka, namkuta Minza na tochi mdomoni mwangu, anatafuta dhahabu!"

Vichwa vikageuka. Kijiji kizima kilinitazama mimi na chupa yangu. Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema "Eee mayu!" kwa namna ya mtu aliyeona ajali. Masikio yangu yakawa moto. Baba yangu alikuwa amenishtaki mbele ya watu wote, mbele ya Doto, mbele ya walimu, mbele ya Wazungu. Hakunichapa nyumbani kwa sababu alikuwa ananisubiria uwanjani. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Alichosema baada ya hapo sikukisikia, niliona tu mdomo wake unafunguka na kufungika.

Neno moja tu lilinifikia, la mwisho, kwa kuwa alilipaza zaidi. "Jumatatu mimi natoka mlango wa kulia, na viatu vyangu miguuni. Anayetaka tutoke naye, aje asimame hapa."

Akashuka kwenye zege, akasimama, mikono imening'inia. Akasubiri.

Nilijua kinachotakiwa. Kila mtu pale alijua, wote tumekua na ngoma. Huu ndio wakati wa kuvuka. Nikasubiri miguu ya watu ianze. Mabula, rafiki yake Baba aliyekuwa anaendesha katapila, alikuwa hatua chache kutoka kwangu, akawa anaikagua kucha ya kidole gumba chake. Mama alikuwa kwenye kundi la wanawake, anamtikisa mdogo wangu mgongoni ingawa hakuwa analia. Hakuna aliyesogea. Jenereta lilikuwa linanguruma peke yake. Baba akapitisha macho kwa watu polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka yakanifikia.

Ningeweza kuvuka. Mtoto hafukuzwi kazi. Nilikuwa na miguu yangu miwili na nafasi iliyokuwa wazi mbele yangu. Lakini nilikuwa nimemkasirikia, na chupa ilikuwa bado na nusu. Nikamtazama Baba yangu machoni, nikainua chupa, nikapiga funda.

Mzee Luhende akafunga mkutano. Wakati wa jioni nikamuuliza Bibi kwa nini Baba ameshindwa vibaya hivyo, kwamba hata mtu mmoja hakumpata. Bibi alikuwa anapepeta mtama, hakuinua uso. "Hakuwa na dawa," akasema. "Wenzake walikuwa nayo. Hukuyaona yale makreti?"

Jumatatu sikupita getini. Nilizunguka njia ndefu ya mashambani nikachelewa shule nikachapwa, na niliona fimbo ni nafuu kuliko kumwona Baba. Niliporudi nyumbani mchana nilimkuta amekaa uani, amevua buti. Mama alikuwa ameshika soksi zake, anazigeuzageuza. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita zilikuwa safi chini, hazina vumbi wala vishimo vya kokoto. Mama alikuwa analia juu ya soksi safi, na mimi nikafikiri ameshachanganyikiwa. Barua ya kumwachisha kazi ililetwa na pikipiki kabla jua halijazama.

Alikuwa ametoka peke yake.

Siku zilizofuata nilimchukia Baba kwa moyo wote, jinsi mtoto anavyoweza kuchukia, bila kupumzika. Alikuwa ameshindwa, ameachishwa kazi, na juu ya yote amenipa jina. Maana yale maneno yalikuwa yameanza kutembea. Kwenye mashine ya kusaga, mwanamke alikuwa akimwambia mwenzake, "Mtoto kammulika, umesikia?" Mnadani wauza ng'ombe waliambiana hivyohivyo. Mama mdogo alikuja kutoka Geita akasema hata huko stendi watu wanayasema. Kila nilipoyasikia nilijificha, kwa kuwa nilijua wananicheka mimi. Haikunijia kabisa kwamba hakuna aliyekuwa anacheka.

Siku ya kumi au ya kumi na moja nilichoka na ile njia ndefu, nikapita getini. Foleni ilikuwa kama siku zote. Mabula alikuwa wa tatu, buti mkononi. Alipobakiza mtu mmoja mbele yake, akainama, akaziweka chini buti zake, akazivaa. Alifunga kamba taratibu, moja, ya pili, akakaza mkanda wake kiunoni, akatoka kwenye foleni akaelekea mlango wa kulia.

Mlinzi akamkimbilia. "Mabula! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mlango wako ule pale."

"Wewe una watoto wangapi?"

Mlinzi akaitazama foleni. Mabula akamuuliza tena.

"Watatu," mlinzi akasema.

"Wana tochi?"

Yule mlinzi alikuwa kijana tu, Mnyamwezi mmoja hivi, alikuwa na mkono umenyooshwa kifuani kwa Mabula. Ule mkono ukashuka. Mabula akapita. Nyuma yake, kwenye foleni, mtu mwingine akaweka viatu chini akavaa, halafu mwingine, na nikasikia mlio ambao sijausikia tena, wa buti nyingi zikigongwa kwenye kokoto kwa pamoja ili kisigino kiingie. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyepiga kelele. Walipita mmoja baada ya mwingine mlango wa kulia, na mimi na Doto tulisimama tu barabarani na mabegi yetu ya katani tukisahau kwamba kuna shule.

Mgodi ulijaribu kutisha, ukashindwa, hauwezi kuwaandikia barua watu mia kadhaa kwa siku moja. Baada ya wiki chache mlango wa kushoto ukazibwa kwa matofali, ukabaki mmoja, na kwenye huo mmoja kila mtu anavua viatu. Nilishuhudia kwa macho yangu Mzungu wa kwanza akikaa kwenye benchi kuvua buti. Alikuwa yule wa matairi. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole kikubwa kinachungulia nje, chekundu. Nilifurahi furaha mbaya, na sijaijutia.

Mzee Luhende ndiye aliyekwenda kukaa na mgodi kuandika makubaliano. Mlango mmoja, ndiyo. Darasa, ndiyo. Jina la Baba halikuwemo. Hakuna aliyelikumbuka, au walilikumbuka wote wakanyamaza, na mimi naamini hilo la pili. Mama alimfuata Mwenyekiti nyumbani kwake, akaambiwa asubiri, mambo mazuri hayataki haraka. Darasa likajengwa, likapakwa rangi, Mzee Luhende akakata utepe. Nilisoma ndani yake miaka mitatu nikiwa nimelinunia.

Wanaume waliotoka na viatu vyao kila asubuhi walipita mbele ya nyumba yetu kwenda makwao. Walikuwa wakisalimia kwa mbali. Hawakuingia. Ukimwona mtu anayekudai shukrani unaongeza mwendo, nadhani, na wao waliongeza. Baba akaenda Mwakitolyo kwa wachimbaji wadogo, akaingia kwenye maduara, yale mashimo yao, na umri uliposogea wakamweka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambako vumbi halimwagiliwi maji na mtu yeyote. Alikaa huko hadi kifua kikamshinda. Mwaka wake wa mwisho nilimchukua kwangu mjini, Nyahanga. Alikohoa kwenye chumba cha wageni, nami nikamletea uji, na hata siku moja sikumwambia kuhusu lile funda. Mara nyingi nilifika mlangoni nikiwa na maneno mdomoni, nikauliza kama anataka uji mwingine.

Kile ambacho sikukisikia uwanjani nilisimuliwa na Mabula nikiwa sekondari. Alikuwa amekishika neno kwa neno. Baada ya kusema mtoto wangu amenipekua, Baba alisema hivi: "Simlaumu. Miaka sita namulikwa na mlinzi, sikujiona. Mtoto kanimulika ndiyo nikajiona." Mabula aliniambia wao wote walikwenda nyumbani na maneno hayo, kila mtu kivyake, na kila mtu akawatazama watoto wake wakati wa kula. "Siku kumi sikulala vizuri," akasema. Nilimuuliza kwa nini basi hakuvuka palepale. Akasema aliogopa. Alisema hivyo tu, na nilimheshimu kidogo, kidogo sana.

Sasa nirudi msibani. Tulimrudisha Baba kijijini. Jeneza liliwekwa uani juu ya stuli mbili, upande wa nyumba, na Mama ameketi chini kwenye mkeka kando yake na wanawake wawili. Watu walijaa upande huu chini ya turubai. Katikati palibaki uwazi. Mzee Luhende, sasa ni mkongwe, alisaidiwa kusimama, akapewa kipaza sauti.

"Marehemu alikuwa shujaa," akasema. "Hotuba yake pale uwanjani ndiyo iliyotutoa kwenye unyonge. Na sisi wanakijiji hatukumwacha. Siku ile tulisimama naye, bega kwa bega."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Wazee waliokuwepo, wenye mvi, wenye buti walizostaafu nazo, wakakubali. Kisha kipaza sauti kikaletwa kwangu, mtoto wa kwanza, nitoe neno la shukrani. Nilikuwa nimeliandika. Lilianza na kuwashukuru viongozi wa dini.

"Shikamooni wazee," nikasema. Wakaitikia. "Mzee Luhende, nakuheshimu kwa umri wako. Lakini mimi nilikuwepo. Hamkusimama naye. Alisubiri, na hakuna aliyevuka. Wewe ulikuwa kwenye kiti cha plastiki. Mabula alikuwa anakagua kucha. Mimi nilikuwa nakunywa soda."

Mjomba akanivuta gauni nikae. Sikukaa.

"Kesho yake mliyabeba maneno yake, mkayatumia, yakawavalisha viatu. Yeye mkamwacha uani kwake. Leo mnamsifu kwa sababu hawezi kuuliza kitu. Sina shukrani. Wabheja, asanteni kwa kuja, basi."

Niliweka kipaza sauti juu ya kiti. Jenereta la kipaza sauti lilikuwa linanguruma. Nikaanza kuvuka. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, vinazama kwenye mchanga, na nilihisi macho yao mgongoni. Zilikuwa hatua kumi na nne. Nilifika, nikasimama kichwani pa Baba, kama nilivyopiga magoti siku ile na tochi.

Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogezwa. Mabula ndiye aliyetangulia tena, na gongo lake, kisha wengine. Sikugeuka kuwatazama. Mama alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mguu.

"Jioni ile ya mkutano," akasema kwa sauti ya chini, "aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza kama uliimaliza ile soda."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia umeimaliza. Akasema, 'Afadhali. Mimi sijawahi kumnunulia.'"